Manati ya vijiti inarusha juu, haiendi mbele

MwalimuKizota: Wadau, darasa la sita wanaunda manati ndogo. Fungu la vijiti 5 vya aiskrimu limepachikwa kati ya kijiti cha chini na mkono wenye kizibo cha soda. Karanga inapaa na kudondoka palepale. Tatizo nini?

FundiMajengo: Mkono umelala mno, mwalimu. Karanga huchomoka kwa pembe mraba na mkono, ndiyo maana inakwenda juu. Ongeza vijiti vifike 8, sogeza fungu karibu na ncha ambapo mkono umefungwa na kijiti cha chini kwa rababendi, mkono ukaribie nyuzi 45. Bado umelala? Inua nyuma, upande wa kizibo, kwa daftari. Usilazimishe, kijiti hupasuka. Fungu nalo likazwe ncha zote mbili. Likicheza, nguvu inapotea.

MamaKikuyu: Rababendi msiziache dirishani, jua letu hili la Dodoma linazikausha zinakatika. Bora pete za tyubu ya baiskeli, upana milimita 3.

MwalimuKizota: Asanteni. Kizibo kikae wapi?

FundiMajengo: Acha sentimita 1 nchani, pa kubonyezea kidole. Supagluu, gamu ya karatasi haishiki bati. Na kokoto marufuku, macho hayo.