Dada katengewa vyombo nyumbani kisa VVU, naanzaje kuongea na mama?

mdogo_mtu: Habari wakuu, naombeni ushauri. Dada yangu anaishi na VVU, dawa anameza vizuri na kazi anapiga kama kawa. Toka amwambie mama, kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono, sahani inakaa pembeni, na juzi mwanangu kamkimbilia shangazi yake mama akamvuta mkono. Dada hakusema kitu akaingia chumbani. Sasa anataka kuacha dawa maana kila kopo likionekana maneno yanaanza. Mama sio mtu mbaya jamani, ila nikimwambia naonekana nimemkosea adabu.

nesi_wa_zamu: Pole sana. Dawa asiache kabisa, zile zinafubaza virusi tu haziviondoi, akiacha vinazaliana upya na akiwa anameza anaacha anameza anaacha vinaweza kujenga usugu. VVU haviambukizi kwa kikombe, sahani, choo, mbu wala kukumbatiana. Muulize kipimo chake cha wingi wa virusi kinasemaje, kikiwa chini ya nakala 200 kwa mililita na dawa anaendelea nazo, hata kwa ngono hamwambukizi mwenza wake. Utafiti wa PARTNER, majibu yake yalitoka 2016 na 2019, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja anavyo mwingine hana na walikuwa hawatumii kondomu, hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza ambaye virusi vimefubaa. Sasa kikombe kitamfanya nini mtoto?

naishi_navyo: Mi naishi navyo miaka mingi sasa na kutengewa vyombo kuliniuma kuliko hata siku ya majibu. Ila mama yako muelewe, wazee wetu waliona watu wanaisha wanakufa kabla ya dawa za mchanganyiko kuja 1996, na hata zilipokuja zilichelewa sana kumfikia mtu wa kawaida, hiyo picha bado iko kichwani. Usibishane nae. Wa kwangu nilienda nae kliniki, mshauri akamuuliza taratibu mama unaogopa nini hasa, akalia pale pale akasema naogopa kumzika mwanangu. Tukaanzia hapo. Ila muulize dada kwanza kama anataka, siri ni yake.

kaka_mkubwa: Kliniki sawa ila usisubiri mpaka huko. Huo uzi kata leo, chukua hicho kikombe unywee chai mama akiwa amekaa hapo, na mtoto muache akae na shangazi yake. Mtoto anajifunza kumtenga mtu kwa kuangalia nyie mnavyofanya.

mdogo_mtu: Asanteni sana. Uzi nimekata jana usiku, mama kauona na hajasema kitu. Dada kakubali kwenda na mama ila hataki wajomba wajue, na dawa kasema ataendelea. Siku yake ya kliniki ni wiki ijayo, naomba ruhusa kazini niwapeleke.