Kitabu cha picha ni kimoja, watoto ni 54: wa nyuma wataonaje?

Mwalimu wa Nyalenda (Kisumu)
Hamjambo walimu wenzangu. Nafundisha PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) hapa Nyalenda, watoto 54 katika chumba kimoja cha mabati. Tuna kitabu cha picha wanachokipenda sana, hadithi ya kiboko anayetoka ziwani usiku kwenda kula mahindi ya watu. Shida ni kwamba hakizidi ukubwa wa daftari. Nikikifungua, walio mbele wanaona, wa nyuma wanapanda madawati, na kabla sijamaliza sentensi mbili kuna anayelia kwa kusukumwa. Nikizunguka nacho, nikifika upande huu wale wa kule wameshaanza mambo yao.

Mnafanyaje? Halafu, nisome mfululizo hadi mwisho ama nisimame niwaulize maswali? Watoto hawa wakiona picha wana mengi ya kusema, wengi kwa Dholuo, na sitaki kuwanyamazisha.

Madam wa Chekechea (Kakamega)
Mwalimu, hongera kwa hilo la kutowanyamazisha. Lishikilie hivyo hivyo.

Anza na madawati. Yasukume ukutani, tandika mikeka au hata magunia safi, wakae chini nusu duara, wafupi mbele. Wewe keti kwenye kiti. Kitabu kishike kwa mkono mmoja, kwa chini pale kwenye mshono, kando ya bega lako, kurasa zikiwaelekea wao. Ukikishika kwa juu, vidole vinafunika picha. Na kwa kuwa utakuwa unachungulia tu kwa pembeni, kisome nyumbani mpaka maneno yakuzoee.

Soma ukurasa, kisha nyamaza. Sasa kipitishe kitabu polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kusema neno lolote. Hapa ndipo wengi tunapoharakisha. Mtoto wa miaka 5 mara nyingi bado hasomi maneno, anasoma picha, na picha inataka muda. Ukiendelea kusoma huku kitabu kinatembea, atakodolea macho picha na hadithi impite.

Tuna kitabu kimoja chenye picha ya jikoni. Mimi siku zote nilikuwa naona mama, jiko na sufuria. Mtoto mmoja wa mkeka wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, paka ameiba omena!" Kweli, chini ya meza kulikuwa na mkia umechomoza, na kando yake kichwa kidogo cha samaki. Maneno ya ukurasa ule hayamtaji paka kabisa. Kurasa chache mbele, mama anatafuta mboga yake haioni, na darasa zima tayari linajua mwizi ni nani. Yule mtoto ni mkimya, na tangu siku hiyo anakaa mbele.

Kuhusu maswali: siku ya kwanza waonyeshe jalada, wabahatishe hadithi itahusu nini, kisha soma mpaka mwisho bila kuwakatiza sana, utamu usipotee. Kesho yake rudia kitabu kilekile, na hapo simama. Usiulize tu "Huyu ni nani?" Uliza "Kiboko anaenda wapi?" na akijibu, "Umejuaje?" Ataonyesha nyayo kwenye matope. Akijibu kwa Dholuo, pokea, kisha wewe lirudie jibu lake kwa Kiswahili ili wote walisikie. Mtaala wenyewe unakubali lugha ya mazingira katika madarasa haya.

Baba Wawili (Nakuru)
Nakubaliana na Madam, ila 54 kwenye nusu duara moja ni wengi. Mimi hugawa. Nusu wanafinyanga udongo, nusu wanasikiliza, kisha wanabadilishana.

Mwalimu wa Nyalenda (Kisumu)
Asanteni sana. Hiyo ya nyayo nitaijaribu kesho. Kugawa kungenifaa, lakini niko peke yangu darasani. Nani atawaangalia wa udongo?

Madam wa Chekechea (Kakamega)
Kama uko peke yako usigawe. Wa udongo watasikia wenzao wakicheka na watakuja wote. Afadhali ukuze picha. Chukua karatasi kubwa ya manila, au mfuko wa simiti ukung'ute vizuri utumie karatasi ya ndani, umwombe mwanafunzi wa gredi za juu mwenye mkono wa kuchora akunakilie kurasa nne tano zile zenye mambo. Kiboko awe mkubwa, na nyayo zionekane hata kutoka mlangoni.

Baba Wawili (Nakuru)
Kweli, kwa mwalimu mmoja ni vigumu. Basi tafuta African Storybook kwenye intaneti. Kuna hadithi za picha kwa Kiswahili na Dholuo pia, na leseni yake inakuruhusu kupakua na kuchapisha bila kulipia kitabu. Unalipa saiba tu. Waambie wachapishe kwa A3 (karatasi kubwa mara mbili ya ile ya kawaida ya A4), upande mmoja wa karatasi, na maneno ya kila ukurasa uyaandike nyuma ya karatasi yake. Hapo utawasomea ukiwatazama usoni.