Raba ya tairi za roboti inabanduka kwa kona, mnashikisha na nini?

patroni_eastlands
Wasee habari zenu. Niko na klabu ya roboti ya vijana wa sekondari huku Eastlands na mashindano yako karibu. Tairi zetu ni za alumini, ukipima kipenyo na raba juu zinafika 96mm, raba yenyewe ni ya mkanda wa konveya tulipata Industrial Area tukabandika na supagluu. Ikienda mbele haina neno, shida ni kona, ikizungushwa papo hapo raba inafunguka pale kwa maungio inaanza kupiga chasi tap tap tap mpaka mtu azime. Mashindano ni juu ya ile mikeka ya povu lakini mazoezi tunafanyia kwa simiti ya darasa juu mikeka hatuna. Ni gundi gani mnatumia ama ni kupiga ribiti (zile pini za chuma za kubana vitu viwili pamoja)? Na hiyo raba inabadilishwa lini?

mota_na_gia
Mwalimu, supagluu achana nayo kwa hii kazi, inakauka ngumu na raba inajikunja kila saa, lazima ipasuke. Tafuta ile gundi ya manjano ya mafundi wa viatu. Kwaruza alumini na msasa, raba pia upande wa ndani, pangusa na spiriti, paka pande zote mbili halafu uache kama dakika kumi (vijana hapo ndio hukosa subira) mpaka ukigusa isikushike kidole, ndio ubandike, na ukishabandika hakuna kusogeza. Urefu usikate kwa hesabu ya kalkuleta, zungusha raba yenyewe kwa tairi uweke alama. Na maungio kata mshazari, ukikata mraba ule mstari wote unakanyaga chini kwa mpigo mmoja na hapo ndipo inaanzia kufunguka.

fundi_wa_kirinyaga_rd
Gundi pekee?? Akala yenyewe fundi hupiga misumari. Toboa ribiti mbili kila upande wa maungio na zingine chache kuzunguka tairi, kichwa kizame ndani ya raba kisitokeze hata kidogo, kikigusa mkeka kitauchana na hakuna refa atakuachia, chuma kinachoharibu uwanja hakiruhusiwi. Kama tairi ingekuwa plastiki ningesema weka washa (kile kiduara cha chuma chenye tundu) kwa ndani, kwa alumini si lazima.

patroni_eastlands
Shukrani sana mafundi. Ribiti za 4mm zitafaa?

fundi_wa_kirinyaga_rd
Zinafaa, angalia tu urefu, jumlisha unene wa raba na wa alumini ndio ujue ya kununua. Ikiwa fupi haishiki.

kodi_na_waya
Mimi naona mnatibu dalili. Roboti ya tairi nne zote za raba ikigeuka papo hapo inaburuta tairi kando kando, kwa hivyo hata ushone na uzi wa kiatu hiyo raba itachoka. Weka omni mbili mbele (zile tairi zenye roli ndogo ukingoni, zinateleza kando bila kuburuta) ubakishe raba nyuma, itageuka laini na mota hazitapata moto. Ubaya ni kwamba mtu akikusukuma ubavuni mbele itateleza, sasa hiyo ni nyinyi kuamua mnacheza aje.

Ya pili, hiyo simiti ndiyo inakula raba. Enda Eastleigh kwa wauza mazulia uombe kipande cha mwisho wa roli, si sawa na mkeka wa povu lakini ni afadhali mara mia.

Na kubadilisha usingoje mpaka iishe. Tairi ya 96mm inaenda karibu 302mm kwa mzunguko mmoja, ikilika 1mm tu kuzunguka inabaki 94mm, sasa inaenda 295mm. Mizunguko kumi umekosa zaidi ya sentimita sita na programu ya kujiendesha bado inahesabu 302. Vijana watalaumu kodi ya programu usiku kucha! Pima kipenyo na kalipa (kile kipimo cha taya mbili) kila wiki, ingiza namba mpya kwa programu, na ukibadilisha badilisha zote kwa pamoja, moja ikiwa mpya na mwenzake imelika roboti itavuta upande.

mota_na_gia
Ya omni nakubali. Lakini bado paka gundi chini ya ribiti, vumbi likiingia kati raba inaanza kutembea. Na kusafisha ni kitambaa chenye maji kidogo kabla ya kila mechi, msitumie petroli, inafanya raba ivimbe.

patroni_eastlands
Sawa, kesho naenda Kirinyaga Road na hizo vipimo. Omni zinapatikana Luthuli ama ni kuagiza?