Tupeane uzoefu: kudai sera na bajeti ya kurudisha mikoko na fukwe za Dar

Bamvu
Wakuu, kila mwaka mikoko inapandwa, picha zinapigwa, maji yanabeba miche. Uzi huu si wa kupanda, ni wa kudai. Nani anabishiwa hodi, lini, na kwa kifungu gani?

KaraniWaPwani
Milango ndiyo inayowachanganya watu. Mikoko ni msitu, kwa hiyo nenda TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Ujenzi ufukweni ni NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira): kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Barua ya "kwa wahusika wote" haina mwenyewe. Kila ofisi ipate barua yake, yenye ombi moja.

Ugomvi mkubwa ni wa kupima. Mwenye kiwanja atapimia maji yalipokupwa, wewe pimia mstari wa bamvu (maji yanapojaa sana), pale mwani na takataka zinapoishia. Weka vigingi, piga picha zenye tarehe.

Mchu
Ongezea hapo: ukitaka kuona kibali cha ujenzi, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ofisi ina siku 30 za kujibu, na bila mhuri huo huwezi kuzihesabu.

Mkaguzi_Mstaafu
Ombi la bajeti likifika Machi limeshachelewa. Bunge la bajeti huanza Aprili, mwaka wa fedha 1 Julai, na halmashauri inakuwa imeshapitisha yake mapema. Lianzishe kwenye mkutano wa mtaa Septemba au Oktoba, lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo diwani alibebe. Muhtasari uwe na mahudhurio yaliyosainiwa, la sivyo utaambiwa ni mawazo yako binafsi.

Bamvu
Na kiasi cha kuomba, mkuu?

Mlilana
Kwa nafasi ya mita 1 kwa 1, hekta moja inakula miche 10,000. Lakini miche ndiyo sehemu rahisi. Omba fungu la ulinzi na la kupandia mapengo, na mkandarasi alipwe kwa miche iliyo hai baada ya miezi 12. Akilipwa kwa iliyopandwa, atachomeka aina moja tu, mkoko wenyewe, kwenye tope la chini linalofunikwa na maji muda mrefu, na miche itazama. Huko mbele, upande wa bahari, ni kwa mlilana, aina nyingine ya mikoko.

KaraniWaPwani
Kunduchi msisahau mchanga. Mito ya Tegeta na Mbezi ndiyo inayolisha ufukwe ule. Mchanga ukichotwa mtoni kwa ajili ya ujenzi, bahari inakula nchi kavu. Hoteli Africana, iliyokuwa ufukweni hapo, ilimezwa hivyo. Ukuta wa mawe unaokoa kiwanja kimoja na kuhamishia mmomonyoko kwa jirani, kwa hiyo ombi la ukuta pekee mlikatae hata likiletwa na mtu wenu. Ombeni machimbo ya mtoni yafungwe kwanza.