Nyumba ya mzee inauzwa, mteja anadai na treni za mzee ni zake. Hii imekaaje wakuu?

Mwana_wa_Tabata

Wakuu habari za leo. Naomba kabla hamjaanza kucheka msome mpaka mwisho.

Mzee wetu alikuwa mtu wa reli, kastaafu zamani. Miaka ya themanini alipelekwa kozi Ujerumani akarudi na boksi la treni ndogo za umeme, sio zile za betri za watoto, hizi ni chuma, ukishika kichwa chake, yani injini, unasikia uzito mkononi. Tangu hapo akawa anajenga chumba cha uani kidogo kidogo kila akipata nafasi, mpaka sasa ni meza imezunguka kuta tatu, imekaa juu ya engo za chuma zilizopigwa fisha ukutani. Kuna stesheni, kuna daraja la Ruvu, kuna vilima vya Pugu alivyotengeneza kwa magazeti yaliyolowekwa akapaka jipsam juu, vichaka ni dodoki limekatwakatwa likachovywa rangi ya kijani. Nyumba ya mkuu wa stesheni imeezekwa bati la kopo la maziwa, migongo ya bati kaikunja mwenyewe kwa koleo moja baada ya mwingine.

Sasa nyumba inauzwa, mzee anahamia Morogoro kwa dada. Mteja kapatikana, advansi katoa ila mkataba wa mwisho bado hatujasaini. Wiki iliyopita kaja kuangalia tena akiwa na mtoto wake, mzee akawasha treni, dogo ikabidi atolewe mle ndani kwa kubebwa. Jana dalali ananipigia eti mteja anajua chumba cha uani anakipata kilivyo na treni zake, maana meza imefungwa ukutani kwahiyo ni sehemu ya nyumba, halafu anaongeza kabisa bila aibu kwamba yeye ndio alimwambia hivyo ili asichomoke!!

Kisheria imekaaje hii? Na tukisema tunaondoka nayo inang'oleka au ndio itasagika yote? Ina bei yoyote? Mzee mwenyewe kila nikimuuliza anasema "tutaona" basi.

---

Dalali_Halali

Mkuu usitulaumu sana madalali, mteja alikuwa anasitasita, mwenzangu katumia kilichokuwepo. Ushauri wangu muachie hiyo kitu. Nyumba Tabata siku hizi inakaa sokoni mpaka rangi inapauka, wewe umepata mtu ana hela mkononi unataka kumpoteza kwa ajili ya toi?

---

Mzee_wa_Vifungu

Dalali kaa pembeni kidogo.

Mtoa mada, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaposema ardhi inahesabu na majengo na vitu vilivyofungwa moja kwa moja kwenye hiyo ardhi. Ndio maana ukiuza nyumba huwezi kurudi usiku kung'oa sinki na mageti. Lakini kufungwa ukutani peke yake hakumalizi kesi, inaangaliwa kimefungwa kiasi gani na kilifungwa kwa lengo gani, yani ulikifunga ili nyumba iwe nyumba bora au ulikifunga ili chenyewe kisimame vizuri na kitumike. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1902, Leigh v Taylor, mapazia ya thamani ya kutundika yalipigiliwa kwenye mbao na zile mbao zikapigiliwa ukutani, mama aliyeyaweka, ambaye nyumba ilikuwa yake kwa maisha yake tu, akafariki, ugomvi ukafika mpaka kwenye mahakama yao ya juu kabisa, ikaamuliwa ni mali ya mtu binafsi sio sehemu ya jengo, kwa sababu yaliwekwa pale ili yaangaliwe tu na hakukuwa na namna nyingine ya kuyaweka. Na sisi tulipokea sheria za kawaida za Waingereza zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwahiyo hiyo kesi sio ngeni kwenye mahakama zetu.

Kwa hiyo vichwa, mabehewa na transfoma havina mjadala, havijafungwa popote, ni mali ya mzee kama redio yake. Reli na vilima vina hoja nzuri ya kuwa vyake pia. Zile engo ndio mtu anaweza kubishana, na kwa kweli mimi ningemwachia engo zake.

Ila usiende kubishana nadharia. Mkataba wa kuuza ardhi hautekelezeki mahakamani kama haupo kwa maandishi, na wenu haujasainiwa, hapo ndipo una nguvu. Weka aya moja: muuzaji ataondoa mfano wa reli uliopo chumba cha uani pamoja na vifaa vyake vyote kabla ya makabidhiano, na ataziba matundu ya ukutani. Mteja akisaini hiyo mambo yamekwisha. Akikataa kusaini mnajua mapema, mnazungumza bei ya treni kivyake. Ila msikae kimya mkategemea maneno ya dalali yatapotea hewani, yule alikuwa anaongea kwa niaba yenu, mteja akisema alidanganywa akaweka hela yake mtasumbuana. Mwambie mteja ukweli leo, wewe mwenyewe, sio kupitia kwa dalali.

---

Dalali_Halali

Sawa wakili. Nimesikia.

---

Reli_Ndogo_Mbezi

Dah huu uzi umenigusa, nilidhani mji huu mzima niko peke yangu na haya mambo 😂

Mtoa mada nenda kaangalie kitu kimoja. Katikati ya reli, kwenye mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, kuna vinundu vidogo vya chuma kimoja kila taruma? Kama vipo hiyo ni Märklin ya Ujerumani, na kwa mtu aliyetoka kule miaka hiyo sitashangaa. Inachukua umeme katikati kwenye vinundu na kurudisha kwenye reli za pembeni, wakati kampuni nyingine karibu zote reli moja ni chanya nyingine hasi. Maana yake vichwa vya mzee ukivipeleka kwa mtu mwenye reli za aina nyingine unapiga shoti, kwahiyo usije ukauza vichwa huku reli huku ukadhani umefanya biashara. Ukubwa wake utakuwa ule unaoitwa HO, moja kwa 87, yani treni halisi imepunguzwa mara 87, upana kati ya reli na reli milimita 16.5. Raha ya hiyo namba ni kwamba ukizidisha kwa 87 unapata 1435 yani SGR kamili! Reli ya kati ya zamani ambayo mzee kafanyia kazi ni mita moja, ingetakiwa iwe kama milimita 11 na nusu. Kwahiyo mzee amejenga SGR kupitia Ruvu miaka mingi kabla ya serikali, mwambieni atafurahi.

Sasa kuhusu bei, hapa nitakuvunja moyo kidogo. Meza, milima, daraja, vichaka, sokoni hiyo ni sifuri. Sio hapa tu, hata Ujerumani na Marekani watu wanauza nyumba na mfano wa reli wa miaka thelathini unaishia kwenye takataka, kwa sababu umejengwa kwa vipimo vya chumba kimoja na hakuna mtu mwingine mwenye chumba hicho. Chenye bei ni vichwa, mabehewa, swichi za kubadilisha njia na transfoma, hasa kama mzee kabakiza maboksi yake ya karatasi. Boksi linapandisha bei kuliko mnavyofikiria, tafuteni juu ya kabati kabla mtu wa usafi hajachoma moto.

Kung'oa inawezekana. Kokoto zile ndogo za kati ya mataruma najua kabisa kazigandisha kwa gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji na tone la sabuni, wote tunafanya hivyo. Hiyo gundi inarudi ikilowa. Chukua chupa ya kupulizia, maji ya vuguvugu, loanisha kipande cha kama mkono mmoja, subiri ilainike, halafu pitisha kisu chembamba cha kupakia rangi CHINI ya mataruma ukiinua taratibu. Usivute reli kwa juu, itapinda na iliyopinda haifai tena. Toa vichwa na umeme wote kwanza jamani, usipulizie maji kitu kimechomekwa. Waya za chini ya meza kabla hujakata funga karatasi ya tepu kila moja uandike inatoka wapi inaenda wapi, la sivyo mtakaa Morogoro mnaangalia tambi.

Milima ya jipsam sahau, ikitikiswa barabarani inapasuka yote. Lakini kama kuna kipande mzee anakipenda sana hicho unakikata na plaiwudi yake kama sahani. Pima mlango kwanza! Watu wanakata kipande kizuri halafu hakipiti mlangoni.

---

Mama_Chanika

Mnaongea gundi na sheria hapa, mimi nauliza huyo baba mmemuuliza vizuri au mmemuuliza mkiwa mmesimama mlangoni na simu mkononi? Mtu mzima akisema "tutaona" ana jibu tayari, anaona haya tu kusema mbele ya hela za watoto. Kaa nae kitako mle chumbani uwe na chai, umuulize kipi kiende.

Na huko Morogoro kwa dada yake mwenyewe chumba kipo? Maana unaweza kubeba vyote vikaenda kukaa stoo mchwa wakala.

---

Kijana_wa_Gerezani

Mpeni makumbusho jamani. Nairobi wana makumbusho ya reli toka 1971, na sisi tungeanzia na hicho.

---

Reli_Ndogo_Mbezi

@Kijana wazo zuri ila makumbusho wakichukua kitu kama hiki bila mtu wa kukihudumia kinalala stoo, inahitaji fundi kila wiki, kwa unyevu wa Dar reli zinashika uchafu treni inakwama. Huwa haviishi vizuri hivi. Kule California alikuwepo John Allen, watu wa fani hii wote wanamjua, kajenga kwenye nyumba yake kitu kikubwa sana. Alifariki Januari 1973, marafiki wakawa wanafikiria waifanyeje, siku chache baadaye nyumba ikashika moto karibu yote ikaisha. Nisingesubiri.

---

Mwana_wa_Tabata

Wakuu nimerudi, asanteni sana.

Vinundu vipo, kwahiyo ni hiyo hiyo Märklin. Maboksi nayo yapo, bi mkubwa alikuwa anayatumia kuwekea vifungo na nyuzi 😂

@Mama Chanika nimefanya ulivyosema. Kumbe mzee kaishaamua siku nyingi. Vichwa, mabehewa, reli, transfoma vinaenda Morogoro, dada ana baraza limezibwa, mzee anasema atajenga upya nusu yake tu maana magoti hayamruhusu tena kuingia chini ya meza. Kipande cha kukata ni stesheni na ile nyumba yenye bati la kopo. Milima anasema ibaki, "hata Pugu yenyewe haihami". Halafu akaniambia behewa moja jekundu na kichwa kidogo cha kupangia mabehewa ampe yule mtoto wa mteja, pamoja na duara la reli la kuweka sakafuni na transfoma ndogo.

Mteja nimempigia mwenyewe, nikamwambia dalali alizidisha. Alinuna kidogo, nilipofika kwenye habari ya mtoto akacheka. Aya ya @Mzee wa Vifungu imeingia kwenye mkataba, na engo zinabaki, kasema ataweka meza ya kompyuta hapo hapo. Kusaini Ijumaa.

Swali la mwisho kwa @Reli Ndogo, kipande cha stesheni nikikata futi tano kwa tatu kitakaa kwenye kirikuu au nitafute fuso?

---

Reli_Ndogo_Mbezi

Kirikuu inatosha. Weka godoro chini, kipande kilale sio kusimama, usirundike kitu juu yake. Vichwa usivipakie kwenye gari ya mizigo, vifunge kimoja kimoja kwenye maboksi yake mzee apande navyo mwenyewe. Tena mpandishe SGR toka stesheni ya Dar, Morogoro anashuka hajachoka. Ukianza kuloanisha gundi kama kuna sehemu inagoma njoo inboksi, Jumamosi nipo nakuja kusaidia, nataka nilione hilo daraja la Ruvu kabla halijavunjwa.