Naombeni ushauri: mashine ya kusagia kahawa ya espreso, nina elfu ishirini

Mwana_wa_Kibokoni

Assalaam aleikum wadau.

Jirani mmoja wa Nyali alikuwa ahama, akaniuzia mashine yake ya espreso kwa bei ya kutupa. Ndogo tu, kikapu chake, kile kichujio cha kutilia unga wa kahawa, ni cha milimita 51. Mimi ni mtu wa kahawa chungu tangu utotoni, ile ya dele na vikombe visivyo na mkono, lakini nikasema wacha nijaribu na hii.

Shida ni kusaga. Natumia kile kimashine cha mapanga mawili, hichohicho cha iliki na bizari. Nikisaga kidogo, maji yapita kama bomba lililopasuka: sekunde 8 kikombe kimejaa, kahawa nyepesi, chachu kama ndimu. Nikisaga sana, mashine yakoroma na kutoa matone mawili matatu, tena machungu. Kahawa ni ileile, pakiti moja.

Nimeambiwa ninunue mashine ya meno. Nina 20,000. Ya umeme au ya mkono? Kuna duka moja mjini wameniwekea ya umeme ya 9,500, muuzaji aapa ni ya espreso. Nichukue?

Chungu_Kwa_Kaimati

Elfu ishirini za kusagia tu? Kaka, wewe rudi barazani.

Bi_Buni

Wa aleikum salaam mwanangu. Usimsikize huyo hapo juu, hata yeye kahawa yake mtu aliisaga.

Nimekaa miaka sita nyuma ya kaunta ya kahawa, basi wacha nikueleze kwanza kinachokusumbua. Mapanga hayasagi, yakata. Punje iliyokaa karibu na panga yakatwa mara mia, iliyorushwa juu yakatwa mara mbili. Ndiyo maana ukimwaga unga wako kwenye karatasi nyeupe utaona vumbi na vipande kama mchanga, vyote pamoja. Espreso inasukuma maji kwa mgandamizo wa kama bar 9, yaani kama mara tisa ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Maji hayana adabu: yakiona upenyo penye vipande vikubwa, yatapita hapo hapo na kuacha kahawa nyingine haijaguswa. Ukizidisha vumbi, laziba. Kwa hivyo unapata uchachu na uchungu katika kikombe kimoja.

Mashine ya meno ni kama posho mili. Vyuma viwili vyenye meno, na nafasi kati yao unaiweka wewe. Punje haitoki mpaka iwe ndogo kuliko nafasi hiyo. Kuna meno ya pia, kimoja chazunguka ndani ya pete, na kuna meno bapa, sahani mbili zaangaliana. Watu hugombana sana juu ya hizo aina mbili. Kwa mwanzo wako zisikukoseshe usingizi.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, nijibu hili: toa kikapu cha mashine yako, kielekeze kwenye taa, utazame chini yake. Waona matundu mengi au tundu moja?

FundiStima_Likoni

Hiyo ya 9,500 iache. Sijaiona, lakini muulize muuzaji swali moja: kirungu chake cha kurekebisha kina hatua ngapi? Nyingi za bei hiyo zina hatua kumi na kitu, kutoka unga laini mpaka chenga za kahawa ya kuchemsha. Kwa espreso utakuwa unatumia mbili tu. Namba 2 maji yapita kwa sekunde 14, namba 1 yakwama. Unachotaka wewe kiko katikati, na katikati hakuna kitu.

Na yeyote atakayekuletea mashine ya umeme kutoka Marekani kwenye sanduku, soma kibandiko chake kwanza. Kwao ni volti 120, kwetu 240. Nimeshazika mota mbili za jikoni za watu waliosema "plagi nimebadilisha, itafanya". Kubadilisha plagi si kubadilisha umeme.

Mwana_wa_Kibokoni

Bi_Buni, nimetazama. Juu ni matundu mengi, lakini chini ni tundu moja tu, kama la sindano.

Bi_Buni

Ndicho nilichokihofia. Hicho ni kikapu cha sakafu mbili. Kimetengenezwa kwa watu wanaonunua kahawa iliyosagwa dukani: lile tundu ndilo linalozuia maji, si kahawa, na lile povu la juu ni la tundu hilo. Ukiweka unga mzuri ndani yake hutaona tofauti kubwa, na utarudi hapa kutuambia tumekulia pesa. Tafuta kikapu cha sakafu moja cha milimita 51. Si ghali. Lakini usikitumie na unga wa mapanga, ndipo utakapojua bomba limepasuka kweli.

Kwa elfu ishirini, mimi nasema chukua ya mkono. Pesa yote inaingia kwenye meno na mhimili, hakuna mota wala plastiki ya mapambo. Kingrinder K6 iko karibu dola 100 kabla ya usafiri na ushuru, na kliki moja, yaani hatua moja ya kurekebisha, yasogeza meno mikroni 16 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Timemore C2 ni nzuri na ni rahisi zaidi, lakini kliki yake moja ni zaidi ya mikroni 80. Hiyo ni ya kahawa ya kuchuja. Watu huinunua kwa espreso kisha wakalia.

Shangazi_Tudor

Napinga kidogo. Mimi ninayo ya mkono, na Idi iliyopita walikuja wageni saba. Gramu 15 ni kama dakika nzima ya kuzungusha. Kufika kikombe cha nne kanga imelowa jasho na bega laniuma. Ikiwa nyumba yako ina watu, kaa na hizo pesa, ongeza, ununue ya umeme, Baratza Encore ESP. Ina hatua 40, na 20 za mwanzo zimetengwa kwa espreso.

FundiStima_Likoni

Dada, hiyo kwa 20,000 hupati, labda uongeze mara mbili.

Shangazi_Tudor

Ndiyo nimesema aongeze 😄

Mwana_wa_Kibokoni

Tuko wawili na mtoto mchanga. Kitu cha kunguruma alfajiri sikitaki, na Ramadhani wakati wa daku majirani watanigongea ukuta. Nimeamua mkono. Nikishaipata natumiaje?

Bi_Buni

Mizani kwanza. Ya kupima gramu moja kwa sehemu kumi, zile ndogo za kupimia dhahabu zinatosha. Bila mizani ni kupiga ramli.

Fungua kinu, kikiwa hakina kahawa kaza pete ya kurekebisha polepole mpaka mkono ukwame. Hapo ndipo sifuri yako. Rudi nyuma kwa kuhesabu kliki. Yangu hukaa karibu 40, lakini yako itakuambia yenyewe. Weka gramu 15, saga, mwaga kwenye kikapu, koroga kwa sindano nyembamba mabonge yavunjike, kisha shindilia sawa. Sawa, si kwa nguvu. Ukiinamisha mkono upande mmoja, maji yatapita upande mwingine. Weka kikombe juu ya mizani, anza kuhesabu unapobonyeza, zima ikifika gramu 30. Lenga sekunde 25 mpaka 30.

Ikitoka upesi na chachu, kaza kliki mbili. Ikichelewa na kuchoma ulimi, legeza. Gramu usiziguse. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichokusaidia.

Kuna video utaziona wanapuliza maji kidogo juu ya punje kabla ya kusaga. Si uchawi, ni kuzuia unga kurukaruka kwa umeme tuli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon waliandika juu yake 2023. Mimi hapa pwani sihangaiki nayo, hewa yetu yenyewe imelowa, isipokuwa nikisagia chumba chenye eesi. Unyevu huo ndio adui wako kwingine: usikioshe kinu kwa maji, meno ni chuma. Brashi kavu, kila wiki. Punje ziweke kwenye chombo kinachofunga kabisa, mbali na jiko. Wala usisage mchele eti kusafisha, ni mgumu kuliko kahawa.

Na kinu hicho mfiche mama mkwe asikione. Wangu alikiona kizuri, akasagia karafuu na mdalasini za pilau. Mwezi mzima kila kikombe kilikuwa na harufu ya harusi.

Mkaazi_Kizingo

Nongezee la buni. Usinunue kwa kuona "AA" tu. AA ni ukubwa wa punje, si utamu wala upya. Tazama tarehe ya kukaangwa. Magunia yanatoka Nyeri na Kirinyaga yakipita Kilindini hapa kwenda Ujerumani na Marekani, na sisi tunauziwa pakiti haina hata tarehe! Agiza kwa wakaangaji wa Nairobi, watatuma kwa basi. Ikifika ikiwa imekaangwa jana, iache wiki moja. Ikiwa mpya mno ina gesi nyingi, yatoka povu tupu.

Mwana_wa_Kibokoni

Mrejesho, wiki tano baadaye. Kinu kilifika, na usafiri na ushuru vyote nikabakiwa na mia tisa. Kikapu cha sakafu moja nimepata.

Siku ya kwanza: kliki 60, sekunde 11. Hamsini, 17. Nikaruka mpaka 38, ikakwama kabisa, nikamwaga. Mke wangu akaniuliza kama nimeajiriwa. Jana asubuhi, kliki 43, gramu 15 ndani, 30 nje, sekunde 27. Ilitoka kama asali, nyembamba, mkia wa panya. Sikutia sukari, na mimi mtu wa halua.

Leo nimefungua pakiti mpya, ya Kirinyaga, imekaangwa kidogo, rangi yake nyepesi kuliko ile. Kliki ileile 43: sekunde 19, na uchachu umerudi. Tena kuzungusha kumekuwa kazi, nilibana kinu kwa magoti. Kimeharibika?

Bi_Buni

Hakijaharibika. Punje iliyokaangwa kidogo ni ngumu na yataka unga laini zaidi. Kaza mpaka 40 uonje. Na kila pakiti mpya utaanza upya hivyo, andika namba kwenye karatasi uibandike kwenye kabati.

Chungu_Kwa_Kaimati

Nyumba ni ipi Kibokoni? Nakuja na kaimati.