Kinyonga hajawahi kukaa na mwenzake, hataki kula, anafukua chungu cha maua: ni mayai au anaumwa?

MamaYusra
Wakuu, salaam. Niko Leicester na huku sina wa kumuuliza. Kijana wangu anafuga kinyonga wa Yemen, wale wenye kishungi kirefu kichwani. Dukani walituuzia kama dume, kijana akamwita Sultani. Alikuja bado mdogo sana na hajakaa na mwenzake yeyote.

Wiki hii kagoma kula. Zamani hujafunga mlango wa kizimba ulimi umeshamfikia mdudu. Sasa nyenje anampanda mgongoni na yeye hana habari naye. Maji lakini anakunywa sana. Mchana kutwa anazunguka chini, anakwaruza pembe za kizimba, na jana kafukua chungu cha maua mpaka mizizi ikatoka nje. Rangi imekuwa kijani cha giza chenye madoa ya njano na buluu. Nikipeleka mkono anaachama na kuyumbayumba. Dukani wanasema tumbo limemchafuka. Ni ugonjwa, au ni jike na ana mayai? Na mayai bila dume yanatoka wapi?

BintiPangani
Dada, mtazame miguu ya nyuma. Dume wa aina hiyo huanguliwa tayari na kijinundu kinachochomoza kisiginoni. Kama hakipo, Sultani ni Sultana, hakuna mjadala.

Mayai bila dume ni kawaida kwao, kuku wa mayai naye hamngoji jogoo. Jike wa Yemen anaweza kuanza akiwa na miezi minne hadi sita tu. Mayai hayo hayatoi vifaranga, lakini lazima yatoke.

Rangi peke yake mimi siitegemei. Jike mwenye mayai huvaa hayo madoa, ila hata ukimkera tu anaweza kuyavaa. Kugoma kula nako kuna sababu nyingi. Kinachonipa uhakika kwenye maelezo yako ni huko kushuka chini na kufukua. Kinyonga mzima hana shughuli sakafuni. Akishuka na kupapasa kila pembe, anatafuta mahali pa kutaga. Mtazame pia ubavuni, sehemu ya chini kuelekea mkiani: mayai yakikaribia unaona uvimbe wa duara mmoja mmoja. Usimbonyeze kuhakikisha.

Leo hii mtengenezee pa kutagia. Asipopata pa kumridhisha atayazuia, na yakikwama yanamuua. Chukua ndoo au boksi la plastiki lenye upana wa sentimita 30 au zaidi, ujaze kina cha sentimita 30 kwa mchanga wa kuchezea watoto uliochanganywa na udongo usiotiwa mbolea. Nyunyiza maji, kisha chomeka kidole mpaka chini. Ukikitoa, shimo lisimame. Likibomoka ongeza maji, likichuruzika umezidisha. Weka tawi la kumteremsha humo.

Halafu funika kizimba kwa shuka na mwambie kijana aache kuchungulia. Wana aibu hawa! Akikuona anaweza kuliacha shimo alilohangaika nalo kutwa nzima. Kuchimba kunaweza kuendelea hadi siku ya pili, na wengine hulala humo humo shimoni. Akimaliza kutaga anafukia mwenyewe na kushindilia kwa miguu. Mayai usiyaguse mpaka apande juu kwa hiari yake.

Na hao nyenje asiowala watoe, usiku humng'ata.

Mmeru_Halisi
Nipo Arusha. Mwenye kinyonga wa pembe tatu, yule wa Mlima Meru na nyanda za juu za Kenya, asihangaike na ndoo. Huyo anazaa watoto hai. Vinyonga wa kawaida wa huku bondeni, wale wenye mikunjo mipana ya ngozi shingoni, hao ndio hutaga. Ukimkuta jike ardhini anachimba, muache amalize, usimrudishe mtini kwa huruma.

MamaYusra
Ahsanteni sana. Kisigino kitupu kabisa, kijana kacheka mpaka basi. Ndoo imeshaingia. Swali: nitajuaje kwamba yamekwama? Na mayai yakitoka, kijana anataka kuyaatamisha.

BintiPangani
Anayetafuta pa kutaga ana nguvu: macho wazi, ukimshika vidole vinakubana, anazurura. Aliyekwama hukaa chini mchana amefumba macho, au macho yamedidimia, mshiko umelegea, pengine anajikamua na hakitoki kitu. Ukiona hivyo usingoje kesho. Anapigwa eksirei, anatiwa maji na kalisiamu, wakati mwingine dawa ya kusukuma mayai, ikishindikana upasuaji. Piga simu sasa hivi uulize nani anatibu wanyama watambaao, maana madaktari wengi wa mbwa na paka hawamgusi kinyonga. Ukingoja mpaka Jumamosi usiku ndipo uanze kutafuta, utahangaika.

Mayai ya jike asiyekutana na dume yananywea na kuota ukungu tu. Mwambie kijana ayahesabu, apige picha, ayatupe. Yanaweza kupita 60, atapata cha kuwasimulia wenzake shuleni.

Akishataga atakuwa amekonda na vidole vimejaa udongo. Mnyunyizie maji muda mrefu, mlishe vizuri siku chache kwa nyenje waliopakwa unga wa kalisiamu, na taa ya UVB, ile ya mwanga kama wa jua, iwe nzima. Baada ya hapo punguza: nyenje wachache kila baada ya siku moja, na pale anapoota joto pasizidi nyuzi 27 au 28. Chakula tele na joto kali ndivyo vinavyomjaza mayai mengi na kumchosha mapema. Dukani hili la mlo ndilo wangekwambia siku ya kwanza.

MamaYusra
Nimempata daktari, yuko mwendo wa nusu saa kwa gari, kasema nimpigie hata usiku. Udongo niliupata wa bustani, pakiti imeandikwa una mbolea. Ngoja niubadilishe kabla hajashuka tena.